Risasi Aliyojitengenezea Alphonce

Baba Mchungaji, wazee wetu, ndugu na majirani mliopanda utelezi wote huu kuja kumsindikiza mwenzetu, poleni na asanteni.

Marehemu Alphonce Sefania Shekiondo alizaliwa tarehe 12 Machi 1961 hapa Irente, akasoma shule ya msingi hapahapa hadi 1976, na mwaka 1983 akaajiriwa na kampuni ya uwindaji ambayo leo haipo, akaanza kwa kubeba mizigo hadi akawa mwindaji wa kuongoza wageni, mdogo wake Hezekia akimsomea nyayo. Tarehe 7 Septemba 1991 alifunga ndoa na Bi Loyce, wakajaliwa Davis na Raheli.

Kwa habari ya bunduki na risasi zake marehemu alikuwa mbishi, jamani, mnamjua. Kubwa zilimuumiza bega, ndogo hakuziamini mbele ya nyati, za kati za dukani zote alizitoa kasoro, basi akatengeneza risasi yake mwenyewe, akachukua ganda la risasi kubwa, akalibana mdomo, akashindilia baruti na kutia kichwa chembamba, akaijaribu huku kwetu kwenye baridi, ikapiga vizuri mno. Hezekia alimsihi abebe za kiwandani, akaitwa mwoga.

Tarehe 14 Oktoba 2009, katika nyika ya Rungwa, joto liliizidishia baruti ile nguvu kuliko alivyoipima milimani, risasi ya kwanza ikamjeruhi tu nyati, ganda likavimba na kung'ang'ania ndani ya bunduki, ya pili haikuingia, nyati akawageukia kwa hasira, na aliyekuwa mbele ni Hezekia. Alifia mikononi mwa kaka yake.

Marehemu hakushika bunduki tena. Alilima viazi, akamlea na kumsomesha Evelina, binti pekee wa Hezekia, aliyeachwa na miaka sita. Januari 2023 figo zilianza kumsumbua, akateseka sana, akafariki tarehe 3 Juni 2024.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliomchotea maji Mama Loyce, na wawindaji wenzake mliotoka mbali.

Wapo waliotaka habari ya nyati iachwe. Marehemu mwenyewe aliagiza isomwe, na msomaji awe binti wa Hezekia. Evelina ndiye mimi. Baba Mkubwa, miaka yote hiyo uliogopa kuniuliza, na ungeniuliza ningekujibu zamani kwamba nilishakusamehe. Sasa pumzika, kwa amani uliyoikosa ukiwa nasi.