Mpapai wa Biasha

Baraza ya Sokomuhogo, baada ya sala ya alasiri, haikosi watu na haikosi ubishi. Karibu na mlango hukaa Mabrouk Hakimu, aliyekuwa akiwaandikia watu barua za mahakamani, na mpaka leo hata akiomba maji huomba kama anayetoa hukumu. Anayemfuata ni Pandu Redio, ambaye redio hana, ila husikiliza ya jirani kupitia dirishani. Wa tatu ni Mkubwa seremala, karakana yake iko ng'ambo ya njia. Mwisho kabisa, mgongo ukutani, hukaa Mzee Silima. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akiwachekesha wenzake. Tangu mkewe Biasha afariki, mwaka na miezi sasa, huja barazani kwa sababu nyumbani hamna hata wa kumwambia kuwa mvua inakuja. Hamad muuza kahawa alikuwa ndio kwanza ametua dele, birika lake la kahawa, pale Silima alipotamka alilojia.

— Mkubwa, niazime shoka.

— Shoka? Weye tangu lini una kazi na shoka?

— Nnataka kuukata mpapai wa uani.

— Ule wa marehemu Biasha?

— Huo huo. Hauzai tena. Unatoa maua, yanadondoka. Kila nikiamka nnafagia maua.

Alisema kwa sauti kavu, kama mtu anayezungumzia kiti kibovu. Lakini ukweli ni kwamba hakutaka kuukata. Alitaka mmoja wao amwambie, usiukate, bwana, ule mti wa Biasha. Alilifuata neno hilo tu, na shoka lilikuwa kisingizio. Ila wenzake wale, ukiwapa tatizo, hawaoni mtu tena, wanaona tatizo.

— Hilo jicho, alisema Mabrouk. Mwanamke kaingia uani, kaona mapapai yamejaa, kasifu bila ya kusema mashaallah. Kesi imekwisha.

— Mwanamke gani aingie kwangu, Hakimu? Tangu arubaini ya Biasha hajaingia mtu.

Mabrouk alikohoa, akanywa kahawa yake.

— Jicho wapi! Pandu alidakia. Ndege hizo za uwanja wa Kiembe Samaki. Zikipita juu, hata vikombe vinatetemeka kabatini. Ua litashika vipi?

— Mbona mnazi wa msikitini unazaa? aliuliza Hamad.

— Mnazi una gome gumu, hausikii. Mpapai laini ule. Halafu kuna haya mawimbi ya redio. Yanapita kwenye kuta, yanapita kwenye miti. Mti unaingiwa na maneno usiku na mchana, utapata wapi nafasi ya kuzaa?

— Sasa weye unayeyasikiliza mbona una watoto tisa? Hamad alimrudi.

Walicheka wote. Silima naye alicheka kidogo, akaona haya kwa nini amecheka.

— Nyote hamjui, alisema Mkubwa. Mti ule mvivu, na mti mvivu hutishwa. Babu yangu kule Makunduchi akiingia na shoka, analinyanyua, anasema kwa ukali: Leo nnakukata! Mtu wa pili anamrukia, anamshika mkono: Mwache, bwana, mwakani atazaa. Wallahi mti unasikia. Mwaka wa pili matawi yanavunjika kwa matunda.

— Lazima wawe wawili? aliuliza Silima.

— Lazima. Ukiwa peke yako mti unajua unafanya mzaha. Kutisha utatisha weye. Nani atakushika mkono?

Mtu wa kumshika Silima mkono angekuwa Biasha, na angefanya kwa vicheko mpaka mtandio umwanguke. Aliwatazama wenzake mmoja mmoja. Mabrouk alianza kulisugua goti lake akilalamika kuwa hata kutembea kunamshinda siku hizi. Pandu alisema taarifa ya habari inakaribia. Mkubwa aliinuka, akavuka njia, akarudi na shoka, akamwekea Silima mapajani.

— Ukimaliza lirudishe, alisema.

Basi ikawa hivyo. Silima alilishika lile shoka na upweke ukamuuma kuliko siku ya maziko, maana siku ile angalau watu walikuja.

Hapo ndipo alipopita Borafya, mkulima wa Dole aliyeleta muhogo sokoni, pakacha lake tupu begani. Aliwaamkia wazee, akaomba kikombe, akanywa amesimama huku akisikiliza. Alipoelewa habari ni ya nini, alimgeukia Silima.

— Mzee wangu, maua yake makubwa, yameshikana na shina?

— Naam.

— Basi huo jike. Dume lake liko wapi?

— Mti una dume? aliuliza Pandu.

— Mpapai unalo. Jike peke yake linatoa maua ya bure. Na mtaa huu wote nimepita, sijaona mpapai mwengine. Sasa mwanzo ulikuwa ukizaa vipi? Dume lilikuwa wapi?

Hamad aliinamisha dele likatoa matone mawili ya machicha.

Silima peke yake ndiye aliyejua, naye alijua hapo hapo. Ilikuwa mipapai miwili uani, Biasha aliipanda siku moja. Mmoja ulikuwa mwembamba, maua yake yananing'inia kwenye vikonyo virefu, na haukuwahi kutoa hata papai moja. Kila Silima aliposema aukate, Biasha alimjibu bila kuinua kichwa kwenye vyombo anavyoosha: "Mwache, ana kazi yake." Silima akacheka. Baada ya arubaini, nyumba imemwelemea na mikono haina la kufanya, aliukata kwa panga la jikoni. Mapapai yaliyokwisha kushika kwenye ule mwengine yaliendelea kuiva miezi kadhaa, hata asitie shaka.

Alilinyanyua shoka akamrudishia Mkubwa.

— Umeghairi?

— Nimeghairi. Borafya, mbegu unazo?

— Ijumaa ntakuletea. Ila panda nyingi, mzee. Dume hulijui mpaka litoe maua.

Silima aliitikia kwa kichwa, akajivuta kwenda zake. Alipofika mlangoni kwake alisimama, ufunguo mkononi, kwa sababu alikumbuka jengine. Wanawake wa mtaani walizoea kumcheka Biasha mlangoni hapo hapo, kwamba mumewe anashinda barazani asubuhi na jioni, hana faida. Naye aliwajibu maneno yale yale, kwa sauti ile ile: "Mwacheni, ana kazi yake."

Silima hakuwahi kumuuliza ni kazi gani.