Mzee Tema na Kinyaa cha Kondoo Mnono

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kitinda mimba katika nyumba ya mchinjaji. Kinyaa alikikuta nyumbani: ndoo za matumbo mlangoni, nzi, na mafuta ya kondoo yaliyoganda kwenye kila sufuria. Mama yake alikuwa akisema mwanawe alijua kutema kabla ya kujua kusema.

Mwaka 1964 alianza shule ya bweni. Mpishi wa huko alichemsha madume mazee ya kondoo, supu ikinuka soksi mbichi. Marehemu alionja akatema. "Ptuu! Huyu alikuwa babu!" Mpishi alimpa masufuria ya kuosha, wenzake wakampa jina la Tema, nalo halikumtoka tena.

Mwaka 1973 aliajiriwa na kituo cha utafiti wa mifugo, kazi yake kuonja nyama. Jamani, kazi ile si ya kuitamani. Alikaa katika chumba kidogo chenye taa nyekundu, rangi ya nyama isije ikamdanganya, akaletewa vipande vilivyochemshwa bila hata chumvi. Alitafuna, akatema kwenye ndoo, akasukutua, akaanza upya. Kondoo wa manyoya mafupi aliyechinjwa mwepesi mno alikuwa laini tu: "Natafuna pamba." Wa uzito wa kati alimsifu. Lakini dume la sufu lililoachwa likanenepa kupita kiasi, yalaa! Mafuta yaligandia kaakaani, harufu ya zizi ikampanda puani, akatema mpaka machozi yakamtoka. Hadi anastaafu mwaka 2011, neno "mnono" pekee lilitosha kumchefua.

Alifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1979, kwa bahati. Mara ya kwanza kula ukweni alijikaza, akashindwa, akatema kwenye leso.

"Kijana, unatema chakula changu?" baba mkwe akafura.

"Nisamehe, baba. Huyu ni dume la sufu, tena alipitiliza kunona."

Binti, ndiye mjane wetu wa leo, akaangua kicheko. "Si yule aliyekosa mnunuzi, baba?"

Mwaka jana uvimbe kichwani ulimnyang'anya uwezo wa kunusa na kuonja. Akawa anakula chochote, maziwa yaliyochacha, uji ulioungua, na kila mara, "Asante, mama watoto." Asante ile ilimuumiza mkewe kuliko ugonjwa wenyewe. Alimtaka mtu wake, yule wa kutema. Siku moja akaenda buchani.

"Nipe dume la sufu, zee, zito kuliko yote."

"Mama, hilo hata mbwa analikimbia."

"Ndilo hilo hilo."

Alilichemsha bila tangawizi. Majirani walifunga madirisha, wajukuu wakatoka nje wameziba pua. Marehemu alikula, akamaliza bakuli, akalamba kijiko. Mkewe akaanza kulia.

"Kwani linanuka?" marehemu akauliza.

"Linanuka, baba watoto. Linatia kichefuchefu."

"Basi nitemee wewe, kwa niaba yangu."

Mkewe akatema, ptuu, kwenye sakafu aliyoipiga deki mwenyewe asubuhi. Marehemu alicheka mpaka akakohoa. Alifariki usingizini wiki hiyo hiyo, tarehe 2 Juni mwaka huu.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu watano, na kaka yake, aliyetaka leo tupikiwe kondoo mnono. Mjane amemkatalia katakata. Apumzike kwa amani marehemu wetu, na asitokee wa kumpikia mnono huko aliko, maana wa kumtemea bado yuko huku.