Jicho la Mfano la Mzee Lenzi

Baada ya miaka thelathini na moja katika kliniki yetu ya macho, fundi mkuu wa chumba cha picha, maarufu kama Mzee Lenzi, anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Alianza mapokezi, akapanda hadi kukabidhiwa ufunguo wa chumba hicho. Tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyeushika.

Sifa yake kubwa ni kushindanisha mashine. Kila ilipoletwa mashine mpya ya kugundua glakoma, ile presha ya macho inayokula uoni polepole bila maumivu, yeye ndiye aliyekuwa mwamuzi. Kipimo chake kilikuwa jicho lake la kulia. Alilitangaza zima mwenyewe, akalipiga picha na kuitundika ukutani, wanafunzi wajue jicho lenye afya linafananaje.

Mashine ya kwanza ilidai jicho hilo lina kasoro. Ikarudishwa kwa wauzaji pamoja na barua ya kuwasema. Ya pili ikadai hayohayo. Akasema imetikisika safarini. Ya tatu, mtumba kuukuu, yenye picha za ukungu kama kioo cha bafuni, ikamwona mzima. Hiyo ndiyo iliyoshinda, nasi tukaitumia miaka minne.

Miaka hiyo yote alikuwa akijikwaa kwenye ndoo na kumfokea dada wa usafi kwamba zinamfuata. Mkewe alimsihi apimwe. Alijibu kuwa jicho lake ndilo linalopima wengine.

Mwezi uliopita daktari bingwa mgeni alisimama mbele ya picha ile ya ukutani, akauliza kwa upole mgonjwa huyu alianza dawa ya matone lini. Mzee Lenzi alimpa mgeni kitambaa afute miwani yake.

Hatimaye alipimwa. Ni glakoma. Karibu nusu ya uoni wa jicho lile imekwenda. Wagonjwa walioambiwa wazima na mashine yake tunawaita upya, na wawili tayari wamekutwa nayo. Hapo utani unaisha, na hasira tunayo.

Lakini simu za kuwaita anazipiga mwenyewe, kila asubuhi. Anataja cheo chake chote, kisha anasema amekosea na anaomba waje. Hakuna aliyemtuma.

Mzee wetu, asante kwa kazi, na kwa simu hizo zaidi. Tumekuandikia kwa herufi kubwa kwa ombi la mkeo. Kilichopotea hakirudi, kilichobaki kinatosha kuwaona wajukuu wakikua, ukikubali matone kila jioni. Tunakutakia maisha mema, na uyaone.