Mistari Miwili ya Verl Thorley

Ndugu waombolezaji, askofu wetu, majirani wa Tasker na nyote mliotoka Pruitt na mbali zaidi, familia ya Thorley imemtuma Lorin, kitinda mimba wa nyumba hiyo na mdogo wake marehemu, awasomee maisha ya kaka yake, naye amepewa dakika kumi na kukatazwa kuzipita, katazo ambalo marehemu mwenyewe angelipigia kura, kwa kuwa alimjua mdogo wake.

Verl Amasa Thorley alizaliwa tarehe 11 Machi 1943 hapa Tasker, kusini mwa Utah, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Amasa Thorley, mfugaji wa kondoo, na Mama Eldora, akaanza masomo katika shule ya msingi ya Tasker mwezi Septemba 1949, kisha sekondari ya Pruitt, alikohitimu Mei 1961 akiwa na alama nzuri za hesabu, na alama za insha ambazo familia imeamua kuziacha zipumzike pamoja naye. Elimu yake ya pili ilianza mwaka 1954, baba yake alipouza nusu ya kondoo akanunua gari kuukuu la jeshi ili akatafute madini ya urani, kama walivyofanya wanaume wengi wa huku, na kwa miaka mitatu baba na mwana walisukuma mawe na kujaza makorongo, wakaigeuza njia ya farasi ya Mzee Bunting kuwa njia ya gari, toka geti la Pratt mpaka chemchemi ya Hobble, maili kumi na tisa. Urani hawakuipata hata ya kujaza kijiko, lakini njia ilibaki, na Verl akawa dereva kabla hajaota ndevu.

Kati ya mwaka 1961 na 1963 marehemu alifanya kazi mgodini, kazi iliyokuja kumdai mapafu yake miaka sitini baadaye, kisha akalitumikia jeshi kama fundi wa magari mpaka Novemba 1965, na tarehe 1 Aprili 1968 akafungua gereji yake mwenyewe hapa mtaa wa pili, akaiendesha kwa miaka hamsini kamili, bila kibao, kwa maelezo kwamba asiyejua gereji ilipo hana gari bovu.

Ijumaa tarehe 10 Juni 1966 alifunga ndoa katika hekalu la kanisa lake na Bi. Nedra Bunting, binti wa yule mwenye njia ya farasi, ambaye tarehe 2 Mei 1945 alizaliwa ndani ya kibanda cha mawe pale pale Hobble, uchungu wa mama yake ulipokataa kungoja kufika mjini, nao wakajaliwa watoto watatu, Marva mwaka 1967, Dell mwaka 1970 na Joleen mwaka 1975. Mwaka 1984 Mama Nedra aliugua maradhi ya mishipa ya fahamu, na tangu mwaka 1989 yuko kwenye kiti cha magurudumu mnachokiona hapo mbele, na katika miaka yote hiyo hakuna majira ya kuchipua yaliyopita bila mumewe kumpandisha garini na kumpeleka Hobble, akae mlangoni pa kibanda, kwa sababu alisema ni mahali pekee ambapo humwia vigumu kukumbuka kwamba hatembei.

Hapo ndipo familia inapaswa kueleza habari ya mistari. Mwaka 1978 marehemu na wenzake kumi na wawili walianzisha chama cha madereva wa njia za mlimani, Bwana Cleon Pratt akiwa mwenyekiti, na desturi ya chama ni kwamba kila Jumamosi ya kabla ya Pasaka msafara huenda Hobble na makoleo, kuondoa mawe yaliyoporomoka na kuokota takataka za watu, kisha hupikwa mbavu za ng'ombe katika vyungu vya chuma juu ya makaa, na gari la mwisho ndilo hufunga geti. Gari la mwisho lilikuwa la Verl. Tarehe 14 Aprili 1979, baada ya kufunga geti, alichelewa, na alipokaribia Hobble akawaona wenzake kwa mbali wamekwisha funua vyungu, akaogopa kukuta mifupa, akakata kona kupita katikati ya uwanda wa udongo mweusi, hatua mia mbili na kidogo, akawahi mbavu mbili. Wote tuliokulia huku tunaujua udongo ule, kwamba ni kitu chenye uhai, kwamba huota pole pole kuliko mtu anavyozeeka, na kwamba baba zetu walitukataza kuukanyaga hata kwa mguu, lakini njaa haina macho.

Mwaka uliofuata alipita akaikuta mistari miwili ya magurudumu kama aliyoiacha jana, na mwaka wa tatu vivyo hivyo, ndipo akanunua daftari na rula ya kukunja, akaanza kuipima kila Oktoba, upana, kina, na weusi uliorudi, ambao kwa miaka mingi ulikuwa sifuri. Hakumficha mtu. Kila kijana aliyejiunga na chama alipelekwa kwanza pale, akaoneshwa, akaambiwa, "Hii ni yangu, nilikuwa na njaa, na wewe utakuwa na njaa siku moja," na huo ndio uliokuwa mtihani wa kuingia chamani.

Mwaka 2007 ukaletwa muswada wa kuifanya Hobble na makorongo yake yote kuwa nyika isiyoingia injini, na marehemu, ambaye hakuwahi kugombea hata uongozi wa kwaya, alifunga gereji kila Alhamisi kwa mwaka mzima, akaenda kila mkutano, akaandika barua mia moja na saba, zote akisahihishiwa insha na Marva, akidai jambo moja tu, kwamba ardhi ya umma ina umma ndani yake, na baadhi ya umma huo hauna miguu. Jumamosi tarehe 9 Agosti 2008 kamati ya muswada huo ilikuja kusikiliza watu katika ukumbi wa michezo wa sekondari ya Pruitt, na mwanasayansi kijana kutoka jijini, Dakta Tess Aldermann, aliyesimama upande wa muswada, akaweka ukutani picha kubwa ya mistari miwili katika udongo mweusi, akasema, "Hivi ndivyo wanavyoitunza." Ukumbi ulinguruma, watu wa kwetu wakaanza kusema ni ng'ombe, ni wageni wa California, ni picha ya kwingineko, na Verl akasimama.

Bwana Cleon alimshika koti. Familia inayajua waliyoambiana kwa sababu Lorin alikaa katikati yao.

"Kaa chini, Verl. Kwenye kamati hakuna anayejua ni ya nani."

"Mimi najua, Cleon."

Akaenda kwenye kipaza sauti, akataja tarehe, akataja saa, akataja mbavu, na watu walipocheka aliwasubiri wamalize. Kisha akasema, "Mistari ile ni yangu, niadhibuni mimi. Lakini mke wangu yule pale alizaliwa mwisho wa njia ile, na hawezi kuzitembea maili kumi na tisa. Msimfungie yeye kwa kosa langu." Akalitoa daftari kwenye mfuko wa koti, akamkabidhi yule binti, naye akafungua ukurasa baada ya ukurasa, miaka kadha wa kadha ya vipimo, kisha akasema, "Mzee wangu, nimeusoma udongo huu miaka sita, na mimi sina vipimo kama hivi." Verl akamjibu, "Hukuwa na njaa ya kutosha, binti yangu."

Sheria ilipopita Oktoba 2010, njia ya Hobble ilikuwa imeachwa wazi, upana wa futi ishirini, na kila kilichokuwa nje ya futi hizo kilifungwa, pamoja na lile bonde la mchanga ambalo vijana walizoea kuchezea magari, kwa kuwa marehemu aliulizwa na kamati kama bonde lingeweza kufungwa ili njia ipone, naye akajibu ndiyo. Hakukiuliza chama kwanza, na hilo familia haitalipaka rangi, lilikuwa kosa, naye alilikiri. Kwa miaka sita magari ya Tasker yaliharibika na kukokotwa mpaka Pruitt, mlango wa gereji uliandikwa neno lisilosomeka kanisani, na kila Jumamosi ya kabla ya Pasaka msafara uliondoka mapema makusudi ili umwache, naye alikuja nyuma peke yake na Mama Nedra, akapita geti, akashuka, akalifunga. Iliwauma yeye na mkewe, ilimuuma yeye zaidi, na Lorin hakuwahi kumwona kaka yake akizeeka haraka kama miaka ile.

Mwezi Machi 2017 Bwana Cleon alisimama mlangoni pa gereji, akasema, "Verl, gari limegoma." Verl akasema, "Lilete." Upatanisho wao wote ndio huo, na wenye subira ya kusikia zaidi wamwulize Bwana Cleon mwenyewe, yuko safu ya tatu.

Marehemu alianza kuugua mapafu Novemba 2022, akatibiwa katika hospitali ya Pruitt kwa vipindi, na Oktoba 2024, akiwa na mtungi wa hewa mgongoni, alikwenda kupima mistari kwa mara ya mwisho, Mama Nedra akiandika akiwa ndani ya gari. Mwisho wa mstari wa kushoto aliukuta weusi umerudi, upana wa vidole vinne. Akaita, "Mama Marva, unaona?" naye akajibu, "Naona, baba." Jumatatu tarehe 14 Aprili 2025, siku ileile ya mistari, miaka arobaini na sita kamili, saa nne asubuhi, alifariki nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu tisa na vitukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Pruitt, askofu na kina mama wa kanisa kwa viazi vya jibini ambavyo majokofu matatu yameshindwa kuvimaliza, majirani waliokata kuni bila kuombwa, mafundi wenzake, wanachama wote, na Dakta Aldermann, aliyeendesha gari saa tano kuja kukaa nasi leo.

Leo ni Jumamosi ya kabla ya Pasaka, na kwa matakwa ya Mama Nedra, tukitoka makaburini msafara utakwenda Hobble kama kila mwaka, yeye akiwa kiti cha mbele cha gari la mumewe, daftari na rula vikiwa mikononi mwake, Marva akiendesha. Wageni mnaombwa kuyaweka magurudumu njiani, hata mkiisikia harufu ya mbavu. Na kwa kuwa tangu chama kizaliwe hakuna mmoja wetu aliyewahi kulifunga geti la Pratt, na aliyekuwa akilifunga leo ametangulia, Bwana Cleon ameomba mwenyewe gari lake liwe la mwisho.

Pumzika kwa amani, Verl. Geti tutafunga sisi.