Mama Wapi na Hewa Inayoshuka Gizani

Ndugu waombolezaji, marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Wapi kwa kuwa hakuona kitu bila kuuliza kimetoka wapi na kinakwenda wapi, alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, kifungua mimba wa mwoka mikate na fundi saa, katika vyumba viwili nyuma ya tanuri, na huko ndiko alikoanza kurusha unga hewani ili aone upepo wa mlangoni unaelekea wapi, akachapwa, akarudia.

Alianza shule Januari 1965, akahitimu shahada ya fizikia mwaka 1981, na mwaka 1984 akaajiriwa katika kituo cha kupokea taarifa za setilaiti, ghorofa ya tatu, meza ya dirishani. Kwenye ncha za dunia, ambako majira ya baridi jua halichomozi kwa miezi, hewa ya juu hupoa na kuzama, lakini hewa haionekani, basi utajuaje inashuka kwa kasi gani? Setilaiti ilifuatilia gesi ya kaboni monoksaidi, ile ile yenye sumu ya jiko la mkaa, naye akaifanya kuwa unga wake: inakoshuka gesi, alisema, ndiko hewa inakoshuka.

Tarehe 12 Agosti 1986 alifunga ndoa na dereva wa kituo, baba yetu, ambaye hadi leo husema alioa mke na setilaiti kwa posa moja, wakajaliwa watoto watatu.

Mwenzake wa meza ya pili, Mjomba Hesabu, alishikilia kwamba gesi hiyo hutengenezwa na kuliwa njiani na kemikali nyingine za hewani, hivyo kushuka kwake si lazima kuwe kushuka kwa hewa, Mama akakataa katakata, wakawekeana dau kwamba atakayeshindwa ataosha vikombe vya ofisi mwaka mzima, na vipimo vya majira ya baridi ya safari hii ndivyo vingeamua.

Novemba iliyopita figo zilimlaza, na kila tulipoingia wodini hakutaka habari za dawa, alitaka kujua hewa imefika wapi. Alifariki Jumanne, tarehe 18 Februari 2020, kabla ya jibu, na hilo limetuuma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotubeba, na wafanyakazi wenzake, hasa Mjomba Hesabu, aliyeleta jibu jana akaona haya kulisema mbele ya jeneza, tukamwambia Mama hakuwahi kuogopa jibu. Mama, ulikosea, zipo wiki ambazo gesi ilionekana kushuka, kumbe hewa ilikuwa inapanda. Vikombe ameviosha Mjomba mwenyewe asubuhi hii, chako amekirudisha dirishani.

Pumzika kwa amani, Mama, kuuliza tutaendelea sisi.