Waliacha Jambia la Nani?

Benchi la Sarhan, muuza kahawa wa pale Ibb, Yemen, lina miguu mitatu na tofali moja, na wanaolikalia akili zao zimejengwa hivyohivyo. Wanakunywa maganda ya kahawa yaliyochemshwa na tangawizi, wanatatua mambo ya dunia ambayo hayakuwaomba msaada. Leo zamu ni ya Naji. Kaka yake, Hamud, alikamatwa wakati wa vita katika nchi ya watu, Wamarekani wakamfungia kisiwani bila shtaka. Msimu wa mvua uliopita jaji wa hukohuko Marekani akaamua: hakuna sababu ya kumshikilia, aachiwe. Naji akafyatua risasi hewani, akachinja kondoo, akalisha mtaa mzima. Mvua zimerudi. Hamud bado.

— Yule kondoo alikuwa mtamu, alisema Antena, mwenye redio. Ila ulimharakisha.

— Na wewe ulimharakisha paja lake, Naji akamjibu.

— Tatizo ni ndege tu, Antena akaendelea. Rubani akiziona barabara zetu toka juu, anageuza.

— Ndege gani, wewe nawe? alidakia Brigedia, ambaye cheo kakipata kwa kuvaa shati la jeshi, vita hajaviona. Tatizo ni kisiwa. Wamekikodi. Nyumba ya kupanga si yako, sheria yako inabaki mlangoni na viatu.

— Brigedia, hilo lilikwisha, alisema Antena. Mahakama yao kuu ilisema sheria inaingia hata mle. Ndiyo maana jaji akamsikiliza.

— Kuingia imeingia. Nani kakwambia imeijua njia ya kutoka?

Sarhan akainamia birika.

— Mimi nasema kisiwa chenyewe hakipo. Ni meli kubwa, wameipanda nyasi juu.

— Sarhan, mimina, achana na nyasi, alisema Naji.

Alitaka kucheka, kicheko kikagoma. Kwenye simu ya mwisho kutoka kisiwani alimsimulia Hamud ile karamu yote, mpaka mchuzi. Hamud akauliza, "Mmenibakizia?" Tangu siku hiyo Naji hajaonja nyama.

Hapo akatokea mama yake, kashuka kutoka kijijini mlimani, anavuta kondoo kwa kamba. Wote wakasimama, hata Brigedia.

— Karibu, Mama Hamud.

— Kaeni. Nina swali, nyie ndio wajuzi. Jaji alipoamua, wenye gereza walimwachia jambia la nani?

Wakaketi.

— Marehemu baba yake Naji aligombania kisima, akaendelea. Mwamuzi alichukua jambia lake rehani kwanza, ndipo akafungua mdomo. Mzee alizunguka soko zima na mkanda mtupu, watu wanamwona, mpaka alipotimiza aliloamriwa. Sasa hao wa kisiwani, nani kati yao anatembea na mkanda mtupu?

Antena alizima redio. Brigedia alikagua vifungo vya shati lake. Naji akalishika jambia lake mwenyewe kiunoni. Swali hilo alilijua tangu utotoni, na siku ile ya risasi hakulikumbuka.

Sarhan akainamisha birika juu ya kikombe cha mama. Yakatoka makapi.

Mama akamkabidhi Naji kamba ya kondoo wa kumpokea Hamud.

— Lakini huyu bado mdogo sana, Mama. Hata pembe hana.

— Najua, mwanangu. Wakubwa walikuwepo sokoni.