Maji kwa Kila Tonge

Tulikuwa abiria watatu kwenye tuktuk iliyotoka Bukura kwenda Kakamega. Mzee aliyeketi pembeni alikuwa akila muhogo na kunywa maji kila alipomeza. Mama aliyekuwa kati yetu alimtazama kwa muda.

“Baba, hayo maji ni ya kiu au ya kusukuma?”

“Ya kusukuma. Hata obusuma, huu ugali wetu, nakulanga na chai ndiyo uteremke. Ni uzee tu.”

“Mimi nilisukuma hivyo, nikapimwa kwa kumeza mpira wenye kamera. Ilikuwa saratani ya umio, hii njia ya chakula, lakini ilikuwa haijaenea. Nikapasuliwa. Huu ni mwaka wa nne. Na hiyo chai unainywaje?”

“Ikitoka motoni. Ikipoa ni maji ya kuoshea sufuria.”

“Daktari alinikataza hiyo ya moto kwanza.”

Nilikifungua kikombe cha chai nilichokuwa nimebeba ili ipoe.

“Huo mpira unauma?” mzee aliuliza baadaye.

“Unakera dakika chache, kisha wewe unaenda nyumbani.”

Tuktuk ilisimama penye lango la hospitali, ambako mama alikuwa akienda kuangaliwa tena. Mzee, aliyelipa hadi sokoni, alishuka ili kumpisha. Hakupanda tena.

“Nakusindikiza tu,” alimwambia. “Sijasema nitameza kitu.”